Kutabiri hatari ya saratani na muda wa kuishi wa mgonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyo hapa chini yanahusu namba ambazo mgonjwa hutajiwa hospitalini au husoma kwenye habari za utafiti: zinakotoka, zinachosema na zisichoweza kusema. Yameandikwa kwanza kwa ajili ya mgonjwa na ndugu zake, halafu kwa wauguzi na wanafunzi wa tiba ambao huulizwa maswali haya mara nyingi. Hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu. Yatakusaidia kumuuliza.

Kutabiri hatari na kutabiri muda wa kuishi si kitu kimoja?

Ni vitu viwili, na kuvichanganya huleta hofu isiyo na sababu. Hatari humhusu mtu ambaye hajaugua: kuna uwezekano gani kwamba ndani ya miaka mitano au kumi ijayo atapata saratani fulani? Muda wa kuishi humhusu mtu aliyekwisha kugundulika na ugonjwa, na hesabu huanzia siku ya kugundulika au siku ya kuanza matibabu. Watafiti wa hatari huwafuatilia maelfu ya watu wazima wenye afya kwa miaka mingi. Watafiti wa muda wa kuishi huwafuatilia wagonjwa.

Kuna aina ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa kuliko zote: kutabiri nani atafaidika na tiba ipi. Mgonjwa anaweza kuwa katika hatari kubwa na bado dawa fulani isimsaidie. Mwingine hatari yake ni ndogo kiasi kwamba madhara ya dawa yatazidi faida yake.

Nimeambiwa hatari yangu ya saratani ya matiti ni asilimia 3. Je, nitaugua?

Uliza kwanza: asilimia 3 ndani ya muda gani? Asilimia 3 ndani ya miaka mitano na asilimia 3 hadi mwisho wa maisha ni habari mbili zilizo mbalimbali kabisa. Tukichukua miaka mitano, maana yake ni hii: wakikusanywa wanawake 100 wenye umri wako na historia kama yako, wapatao 3 kati yao watagundulika na saratani ya matiti katika muda huo, na 97 hawatagundulika. Namba hiyo haisemi wewe uko upande gani. Hakuna kipimo cha leo kinachoweza kulisema hilo kwa mtu mmoja mmoja.

Hata hivyo namba hiyo ina kazi. Katika jaribio kubwa la dawa ya tamoxifen lililofanyika Marekani na Kanada na kutoa matokeo yake mwaka 1998, kigezo kimojawapo cha kuingia kilikuwa hatari ya miaka mitano isiyopungua asilimia 1.66. Tamoxifen ilipunguza saratani vamizi za matiti kwa karibu nusu katika kundi hilo, lakini pia iliongeza saratani ya mji wa mimba na damu kuganda mishipani. Ndiyo maana haigawiwi kwa kila mwanamke. Kwa mwenye hatari ndogo, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ugonjwa anaokingwa nao.

Modeli ya kukadiria hatari hutengenezwaje?

Mfano unaojulikana zaidi ni modeli ya Gail, iliyochapishwa mwaka 1989 na Mitchell Gail na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Walichukua taarifa za wanawake waliokuwa wakipigwa picha za matiti kila mwaka, wakawalinganisha waliougua na wasiougua, wakatafuta ni mambo gani yaliyowatofautisha. Yaliyobaki kwenye hesabu ni machache: umri, umri wa kuvunja ungo, umri wa kuzaa mtoto wa kwanza, idadi ya mama, dada au binti waliougua saratani ya matiti, na idadi ya mara ambazo mwanamke amekatwa kinyama cha titi kwa ajili ya kipimo. Kila jambo likapewa uzito wake. Kisha uzito huo ukaunganishwa na takwimu za wagonjwa wapya wa kila umri, na uwezekano wa mtu kufariki kwa jambo jingine kabla saratani haijatokea.

Angalia kilichoachwa. Ndugu wa upande wa baba hawamo. Shangazi hahesabiwi, hata kama aliugua akiwa na miaka 35. Jeni za kurithi nazo hazimo, kwa kuwa zile mbili zinazojulikana zaidi kwa saratani ya matiti zilitambuliwa baadaye: BRCA1 mwaka 1994 na BRCA2 mwaka 1995. Modeli ya Tyrer na Cuzick ya mwaka 2004 ilijaza baadhi ya mapengo hayo. Kwa hiyo mwanamke mmoja akipitishwa kwenye modeli hizi mbili anaweza kupata namba mbili tofauti, na zote zikawa zimekokotolewa sawasawa. Ukipewa namba, uliza imetoka kwenye modeli ipi.

Nina mabadiliko ya jeni ya BRCA1. Hiyo ni hukumu?

Ni hatari kubwa, na haifai kupambwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia maelfu ya wanawake wenye mabadiliko haya, ulikadiria kwamba hadi umri wa miaka 80 saratani ya matiti huwapata wapatao 72 kati ya 100 wenye mabadiliko ya BRCA1 na 69 kati ya 100 wenye ya BRCA2. Kwa saratani ya ovari makadirio yalikuwa 44 na 17.

Lakini zingatia umri uliotajwa. Hatari hiyo haiji mara moja. Hujikusanya mwaka baada ya mwaka, na ndiyo nafasi ya kuchukua hatua: uchunguzi wa mara kwa mara kwa picha za MRI, au kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa. Pia makadirio hutegemea wanawake walikotoka. Tafiti za mwanzo zilitumia familia zilizokuwa na wagonjwa wengi mno, kwa sababu ndizo zilizosaidia kuzigundua jeni hizo, na hivyo baadhi ya namba za wakati ule zilikuwa juu zaidi. Utafiti unaowafuatilia watu kabla hawajaugua hutoa namba ya kuaminika zaidi.

Wengi wanaougua saratani hawana jeni ya namna hii. Saratani za kurithi moja kwa moja hukadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 10 ya zote.

Habari zilisema chakula fulani huongeza hatari ya saratani kwa asilimia 18. Niache kukila?

Namba hiyo ni ya kweli na ina chanzo. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, likakadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba soseji ni hatari sawa na sigara, kwa kuwa tumbaku nayo imo kundi la kwanza.

Hapo palikuwa na makosa mawili. Kosa la kwanza: makundi ya IARC hueleza ushahidi una nguvu kiasi gani. Hayaelezi hatari ni kubwa kiasi gani. Mvutaji wa sigara ana hatari ya saratani ya mapafu inayozidi mara 15 ile ya asiyevuta, jambo ambalo halilingani hata kidogo na nyongeza ya asilimia 18. Kosa la pili: asilimia 18 ya nini? Tuseme kati ya watu 100 wasiokula nyama hiyo, 5 wangepata saratani ya utumbo mpana katika maisha yao. Ongeza asilimia 18 juu ya hao 5, utapata karibu 6. Mtu mmoja zaidi katika kila 100.

Kwa nchi nzima, mmoja katika 100 ni watu wengi sana, na wanaopanga sera za afya wana haki ya kujali. Kwa wewe binafsi ni sababu ya kupunguza, na si ya kukosa usingizi. Kila ukisoma kwamba kitu "huongeza" au "hupunguza" hatari kwa asilimia kadhaa, tafuta namba ya kuanzia. Habari isiyoitaja haijakueleza chochote unachoweza kukifanyia uamuzi.

Daktari ametaja miezi minane. Ndiyo muda niliobakiwa nao?

Swali hili ndilo zito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ningependa kila anayetajiwa namba kama hiyo apewe maelezo haya palepale.

Mara nyingi miezi minane ni muda wa kati: muda ambao nusu ya wagonjwa waliofuatiliwa walikuwa wamefariki na nusu bado wako hai. Wengi husikia "una miezi minane" kana kwamba ni tarehe iliyopangwa. Namba yenyewe haikutoka kwa mtu mmoja. Imetoka kwenye kundi ambalo wengine waliishi mwezi mmoja na wengine miaka.

Tena muda huo haujatawanyika sawasawa pande zote. Upande wa chini una kikomo, maana hakuna anayeweza kuishi chini ya siku sifuri. Upande wa juu hauna ukuta wa namna hiyo, na mkia wake unaweza kuwa mrefu sana. Mwaka 1982 mwanabiolojia Stephen Jay Gould wa Marekani aligundulika na saratani ya utando wa tumbo ambayo muda wake wa kati wakati huo ulikuwa miezi minane. Aliishi miaka 20 baadaye, akafariki mwaka 2002 kwa saratani nyingine. Sisemi kila mgonjwa atakuwa kama yeye, wengi hawakuwa. Nasema kwamba mkia ule upo, na waliomo ndani yake ni watu halisi.

Namna nzuri ya kuueleza muda ni kutoa masafa badala ya namba moja. Tafiti za wagonjwa wenye saratani iliyosambaa zimeonyesha kanuni inayokaribia ukweli kwa aina nyingi za saratani: takribani nusu ya wagonjwa huishi kati ya nusu ya muda wa kati na mara mbili yake, na takribani mmoja kati ya kumi huishi mara tatu ya muda huo au zaidi. Kwa muda wa kati wa miezi minane, hali ya kawaida ni miezi minne hadi kumi na sita, na wachache huvuka miaka miwili. Vilevile wapo ambao hawafiki miezi minne, na hilo nalo lisemwe, kwa sababu kuna mambo ambayo familia hutaka kuyakamilisha mapema.

Unaweza kumwambia daktari hivi: "Nieleze hali ikiwa nzuri, ikiwa ya kawaida, na ikiwa mbaya." Ni ombi la kawaida, na daktari anayejua kazi yake hatalichukia.

Utafiti ukiisha na wagonjwa wengine bado wako hai, mnawahesabuje?

Hili lilikuwa kikwazo kikubwa hadi mwaka 1958, Edward Kaplan na Paul Meier walipochapisha njia ambayo leo hutumika karibu katika kila utafiti wa saratani. Tuseme mgonjwa amefuatiliwa miaka mitatu kisha akahamia nchi nyingine. Hatujui alifariki lini au kama amefariki. Kumtupa nje ya hesabu ni kupoteza miaka mitatu ya taarifa za kweli, na kumhesabu kama aliyefariki ni uongo. Kaplan na Meier walimhesabu kama aliye hai kwa kila siku aliyoonekana, kisha wakamtoa kimyakimya siku aliyopotea. Mchoro unaotokana na hesabu hiyo hushuka kama ngazi, kidato kimoja kila mgonjwa anapofariki. Vialama vidogo vinavyoonekana juu ya mstari ni wale walioacha kufuatiliwa wakiwa hai.

Mwaka 1972 David Cox wa Uingereza aliongeza njia ya kupima mambo mengi kwa pamoja, kama umri, hatua ya ugonjwa na aina ya tiba. Kutoka kwake tulipata uwiano wa kasi ya vifo. Uwiano wa 0.75 maana yake ni kwamba wakati wowote, kasi ya vifo katika kundi la dawa mpya ni robo pungufu kuliko kundi la kulinganishia. Haimaanishi kwamba wagonjwa wataishi robo zaidi ya muda, ingawa hivyo ndivyo inavyofasiriwa mara nyingi.

Njia zote mbili zina sharti moja: wanaopotea wasiwe wamepotea kwa sababu ya ugonjwa. Ikiwa wanaoacha kuja kliniki ni wale waliozidiwa, mstari utabaki juu kuliko ukweli. Ukisoma ripoti ya utafiti, tazama wangapi walipotea. Wakiwa wengi kuliko waliofariki, soma matokeo kwa tahadhari kubwa.

Kuishi miaka mitano ndiyo kupona?

Si lazima. Miaka mitano ni kipimo kilichozoeleka kwa sababu kinafaa kulinganisha hospitali, nchi na vipindi. Kwa saratani ya korodani, mgonjwa aliyevuka miaka mitano bila dalili ni nadra ugonjwa kumrudia. Kwa saratani ya matiti inayolishwa na homoni, ugonjwa unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi na tano au ishirini.

Kuna mtego mwingine ndani ya kipimo hiki. Chukua watu ambao saratani yao hugundulika kwa dalili wakiwa na miaka 60, na wote hufariki wakiwa na miaka 64. Waliofikisha miaka mitano: hakuna hata mmoja. Sasa lete uchunguzi unaoukuta ugonjwa wakiwa na miaka 57, lakini tiba isiwe na nguvu ya kubadili chochote, wafariki vilevile wakiwa na miaka 64. Ghafla wote wamevuka miaka mitano. Takwimu imepanda kutoka sifuri hadi mia moja na hakuna aliyeongezewa hata siku moja.

Korea Kusini ilipitia jambo linalokaribiana na hilo. Vipimo vya ultrasound ya shingo vilipoenea, wagonjwa wapya wa saratani ya tezi ya thairoidi waliongezeka mara 15 kati ya mwaka 1993 na 2011, huku idadi ya vifo ikibaki palepale. Uvimbe mwingi uliokutwa ni ule ambao usingemsumbua mtu maisha yake yote, lakini watu waliondolewa tezi zao na kuanza kumeza vidonge kila siku.

Kwa sababu hiyo uchunguzi wa mapema haupimwi kwa miaka ya kuishi baada ya kugundulika. Hupimwa kwa vifo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 liliwahusisha watu zaidi ya 53,000 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara. Waliopigwa CT skani ya mionzi midogo walikuwa na vifo vya saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kawaida. Hiyo ni faida ya kweli. Uchunguzi wa mlango wa kizazi nao umeokoa maisha ya wanawake wengi sana, na yeyote anayesoma habari ya Korea na kuamua kuacha vipimo vyote ameielewa vibaya.

Daktari mzoefu hawezi kukadiria bila hesabu hizi?

Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti wa madaktari 343 waliowapeleka wagonjwa 468 kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa aliye karibu na mwisho wa maisha. Kila daktari alikadiria mgonjwa wake angeishi muda gani. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 yalizidisha, na kwa jumla madaktari walikadiria muda unaozidi ule halisi zaidi ya mara tano. Jambo linalogusa zaidi ni kwamba kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyokosea zaidi. Mapenzi na matumaini yalikuwa yanaingia kwenye hesabu.

Jicho la daktari bado lina nafasi yake. Namna mgonjwa anavyojimudu, yaani anatembea, anajihudumia au yuko kitandani zaidi ya nusu ya siku, ni miongoni mwa vitabiri vyenye nguvu zaidi vya muda wa kuishi. Vipimo vya hali hiyo vinatumika tangu kile cha Karnofsky cha mwaka 1949, na siku hizi kinachotumika sana ni cha ECOG, chenye alama 0 hadi 5.

Nitajuaje kama modeli ni nzuri?

Ipimwe kwa mambo mawili. La kwanza, je, inawatenganisha watu? Ukimchukua mmoja aliyeugua na mmoja asiyeugua, mara ngapi modeli itampa aliyeugua alama ya juu? Kipimo chake huanzia 0.5, ambayo ni sawa na kurusha sarafu, hadi 1. La pili, je, namba zake ni za kweli? Kundi lililoambiwa asilimia 10 liwe na wagonjwa kumi katika mia, wasiwe ishirini.

Modeli inaweza kufaulu moja na kushindwa jingine. Ile ya Gail, ilipojaribiwa kwa kundi kubwa la wauguzi wa Marekani mwaka 2001, ilikadiria idadi ya wagonjwa karibu sawasawa na iliyotokea, lakini alama yake ya kutenganisha ilikuwa 0.58 tu. Inafaa kupanga huduma za kundi zima. Kumnyooshea kidole mtu mmoja haiwezi.

Kisha uliza imejaribiwa wapi. Modeli iliyojaribiwa kwa watu walewale iliyotengenezewa haijajaribiwa bado.

Modeli iliyotengenezwa kwa watu wa nchi nyingine inanihusu?

Huenda ikakuhusu, lakini lazima ipimwe kwanza kwa watu wanaofanana na wewe. Modeli ya Gail ilitokana na wanawake weupe. Ilipotumika kwa Wamarekani weusi ilipunguza hatari yao kuliko ilivyo, hadi mwaka 2007 ilipotengenezwa modeli yao inayoitwa CARE. Alama za vinasaba, zinazojumlisha mamia ya tofauti ndogondogo za jeni, zina tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Ile maarufu ya saratani ya matiti yenye tofauti 313 ilijengwa kwa wanawake wenye asili ya Ulaya, na kwa watu wenye asili ya Afrika alama kama hizi huwa dhaifu zaidi. Huu ni upungufu wa haki kama ulivyo upungufu wa sayansi, kwa sababu wale ambao hawakuhesabiwa ndio watakaopewa majibu mabaya.

Kwa muda wa kuishi, nchi yenyewe huwa ndani ya namba. Utafiti wa CONCORD-3 wa mwaka 2018, uliotumia rekodi za wagonjwa milioni 37.5 katika nchi 71, ulionyesha kwamba watoto wenye saratani ya damu ya aina ya limfoblasti waliovuka miaka mitano walikuwa asilimia 95.2 nchini Ufini na asilimia 49.8 nchini Ekuado. Ugonjwa ni uleule. Kilichotofautiana ni kuwahi kugunduliwa, dawa kupatikana bila kukatika, na kukingwa na maambukizi wakati wa tiba. Ukisoma namba ya kuishi kwenye intaneti, unasoma pia hospitali za nchi ilikotoka.

Je, vipimo vya jeni za uvimbe vinaweza kuniepusha na tibakemia?

Kwa baadhi ya wagonjwa, ndiyo. Kipimo cha Oncotype DX husoma jeni 21 za uvimbe wa titi na kutoa alama. Jaribio la TAILORx, lililochapishwa mwaka 2018 likiwa na wanawake zaidi ya 10,000 ambao ugonjwa ulikuwa haujafika kwenye tezi za kwapa, lilionyesha kwamba wengi wenye alama za kati, 11 hadi 25, walifanya vizuri kwa dawa za homoni peke yake sawa na waliopewa tibakemia pia. Kwa wenye miaka 50 au pungufu na alama za juu kidogo ndani ya kundi hilo, tibakemia ilionyesha faida kiasi, kwa hiyo umri hauwezi kuachwa nje ya uamuzi.

Na akili mnemba?

Inasaidia, hasa kusoma picha. Lakini hujifunza chochote kilichomo kwenye data, hata kisichohusu ugonjwa. Programu za kusoma vipande vya uvimbe zimewahi kuonekana zikitambua picha imetoka hospitali gani kutokana na rangi ambayo maabara yake hutumia kupaka vipande hivyo. Kama hospitali moja hupokea wagonjwa waliozidiwa zaidi, programu "itatabiri" kifo kwa kutambua rangi. Tangu mwaka 2015 kuna mwongozo wa kimataifa wa TRIPOD unaoeleza modeli iripotiwe vipi, na toleo la akili mnemba lilitoka mwaka 2024. Ripoti isiyoufuata isikushawishi haraka.

Namba niliyoipata ni ya miaka kumi iliyopita. Bado inafaa?

Inategemea tiba imebadilika kiasi gani. Ili kujua miaka kumi ya kuishi, lazima wawepo watu waliotibiwa miaka kumi iliyopita kwa dawa za wakati huo. Dawa ya imatinib ilipoidhinishwa mwaka 2001, makadirio yote ya zamani ya saratani ya damu ya muda mrefu ya aina ya mayeloidi yalipitwa na wakati. Uliza kama kuna tiba mpya iliyoingia baada ya takwimu ulizopewa.

Utafiti ulisema waliomaliza dozi zote waliishi zaidi. Si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi?

Peke yake, hapana. Ili mtu amalize dozi za miezi sita, lazima kwanza aishi miezi sita. Waliofariki mwezi wa pili waliwekwa moja kwa moja kwenye kundi la wasiomaliza. Hivyo kundi la waliomaliza limepewa miezi sita ya uhai bure, hata kama dawa ni maji matupu. Kosa hili limeandikwa na kuonywa tangu miaka ya 1980 na bado hurudi, hasa katika matangazo ya virutubisho. Njia ya kuliepuka kosa hili ni kugawa makundi kwa bahati nasibu siku ya kwanza, au kuanza kuhesabu baada ya miezi sita kwa wote.

Naweza kukataa kujua?

Ndiyo, na unaweza kubadili nia baadaye. Mwambie daktari waziwazi unataka kujua nini na nani mwingine aambiwe. Ndugu wakimwomba daktari amfiche mgonjwa, nia yao huwa njema, lakini mwenye mwili ndiye mwenye haki ya kwanza. Aulizwe yeye.

Nikijiunga na utafiti kisha nikajitoa, taarifa zangu zinaenda wapi?

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, linakupa haki ya kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa na bila matibabu yako kuathirika. Kuhusu taarifa zilizokwisha kukusanywa, soma fomu ya ridhaa kabla ya kutia sahihi. Kwa kawaida zilizokusanywa kabla ya kujitoa hubaki, na hakuna mpya zitakazoongezwa. Unaweza pia kuacha dawa ya utafiti lakini ukaruhusu upigiwe simu mara mbili kwa mwaka kuulizwa hali yako. Fomu nyingi hutenganisha mambo hayo mawili, na kama haijayatenganisha, mwombe mtafiti akueleze kabla hujasaini.

Uliza pia kama sampuli za damu na kinyama zitahifadhiwa kwa tafiti za baadaye, nani ataziona, na kama matokeo ya jeni yanaweza kumfikia mwajiri au kampuni ya bima. Sheria hutofautiana. Ile ya Marekani ya mwaka 2008, kwa mfano, inazuia ubaguzi wa kijenetiki katika ajira na bima ya afya, lakini haigusi bima ya maisha.